Maswali yanayoulizwa sana kuhusu madereva wa malori na namna ya kuwaheshimu kwelikweli

Nimefanya kazi ya kupokea mizigo ghalani miaka mingi, karatasi za madereva nilizosaini siwezi hata kuzihesabu, na watu wakijua kazi yangu wananiuliza maswali yaleyale kuhusu hawa jamaa, basi nimeyakusanya hapa. Nitangulize jambo moja tu, dereva wa lori haombi sifa. Anaomba muda wake usichezewe na nafasi yake barabarani isibanwe. Majibu mengi hapo chini utaona yanarudi hapohapo.

Si kuendesha tu? Kuna ugumu gani hapo?

Simama uwanjani alfajiri kabla gari halijatoka. Dereva hata hajapanda bado, anazunguka na tochi, anainama kuangalia kama kuna oili inavuja, anasikiliza kama kuna mahali hewa inapuliza, alafu anachukua kipande cha bomba anaanza kugonga tairi moja moja. Tairi lenye upepo linajibu mlio mkavu na bomba linaruka mkononi, lililoishiwa linasema dup, basi, halirudishi kitu. Na yale yanayokaa mawili mawili kwa macho huwezi kujua la ndani limeisha upepo, maana la nje linalibeba mwenzake kimya kimya mpaka lichemke na kupasuka njiani, ndo maana anagonga haangalii tu. Anamulika nati za rimu, akiona mstari wa kutu umechuruzika kutoka kwenye nati anajua hiyo imelegea. Anavuta mikanda ya mzigo kwa mkono. Anainama tena chini ya tela kuhakikisha pini inayounganisha tela na kichwa cha lori imeingia na kufuli limefunga, na bado haamini, akipanda anafunga breki za tela anavuta mbele kidogo aone kama kweli vimeshikana. Hapo hajaenda popote na nusu saa imeshakatika.

Kurudisha nyuma sasa, hiyo ni hesabu ya kinyume, ukitaka mkia wa tela uende kushoto unaanza kwa kukata usukani kulia, alafu unaufuata haraka kabla havijajikunja, na muda wote huo kioo cha upande mmoja kinakuonyesha ubavu wa tela lako mwenyewe tu, hakuna kingine. Nimeona watu wanaingiza tela kwenye mlango wenye nafasi ya kiganja kila upande, usiku, mvua inanyesha, huku sisi wa ghalani tumesimama na chai tunasema "njoo njoo njoo". Nikawa naona aibu, siku hizi naweka kikombe chini kwanza.

Uzito nao uuelewe. Marekani kwenye barabara kuu lori na mzigo wake kwa kawaida haliruhusiwi kuzidi pauni 80,000, hiyo ni kama tani 36. Ulaya kiwango kilichozoeleka ni tani 40. Australia kwenye maeneo ya mbali wanaunganisha tela kwa tela kwa tela mpaka mlolongo mzima unafika mita 53.5, na kichwa ni kimoja na mtu ndani ni mmoja.

Mbona yanashuka mlima polepole hivo? Kupanda naelewa, ila kushuka?

Hili naliulizwa sana na nalipenda maana hapo ndo utaona ufundi.

Breki inafanya kazi kwa msuguano, na msuguano ni joto. Ukishuka mteremko mrefu na tani 36 huku umekanyaga breki tu, zinapata moto mpaka zinaacha kushika, unakanyaga mguu unafika chini gari halisikii. Ile harufu kali ya kuungua unayoisikia pembeni ya mteremko ndo hiyo. Kwahiyo dereva mzoefu anachagua gia akiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza, anaiacha injini ibebe kazi na breki anazigusa kidogo kidogo, anashusha spidi anaachia zipoe. Akikosea gia pale juu kurekebisha katikati ya mteremko ni hatari mno, inaweza kugoma kuingia akabaki kwenye nyutro, hana injini na breki zimechoka. Kuweka nyutro makusudi ili abane mafuta ni kucheza na roho yake na za wengine, wazee wa kazi wanaligombeza hili bila huruma na wako sahihi.

Kuna mtu anaitwa Clessie Cummins, fundi wa injini za dizeli wa Marekani. Mwaka 1931 alikuwa kwenye lori likishuka Cajon Pass kule California, breki zikashindwa kulizuia, wakaponea chupuchupu kugonga treni ya mizigo iliyokuwa inakatiza mbele yao. Ile hofu haikumtoka, na miaka mingi baadae akabuni kifaa cha kuifanya injini yenyewe izuie gari, kinaachia mgandamizo wa hewa ndani ya silinda ili injini ivute nyuma badala ya kusukuma, na mwaka 1961 kampuni ya Jacobs ikaanza kuviuza. Ule mlio wa kukohoa ta-ta-ta-ta unaousikia lori likishuka mara nyingi ndo kifaa hicho kinafanya kazi. Kuna miji imeweka vibao vya kukataza kwasababu ya kelele, nawaelewa wanaotaka kulala, lakini mimi nikiusikia ule mlio natulia, najua mtu ameshika gari lake.

Alafu kitu kingine watu hawakijui. Wengi wanadhani breki za hewa ukiishiwa hewa gari linakimbia. Breki ya maegesho ya lori iko kinyume, ndani kuna springi kali inayotaka kukamata muda wote na hewa ndo inaizuia, hewa ikiisha springi inakamata matairi yanafunga. Ndo maana asubuhi utaona lori linaunguruma halitoki, dereva anasubiri mitungi ijae hewa, na ile "pshhh" akisimama ni hewa inatoka ili springi ikamate. Sio kwamba anachelewesha watu.

Nikiwa na gari dogo au pikipiki karibu na lori nifanyeje?

Kanuni ya kwanza, kama huoni uso wake kwenye kioo chake basi na yeye hakuoni. Hata mbele kabisa ya pua ya lori kuna eneo la kama mita 6 ambalo dereva aliekaa juu halioni vizuri, nyuma ya tela kama mita 9 hakuna anachokiona, na ubavuni hasa upande wa abiria kuna eneo kubwa linaweza kumeza gari zima. London walilichukulia hili kwa uzito mpaka wakaanzisha mfumo wa kuyapa malori nyota kulingana na dereva anavyoona nje moja kwa moja kwa macho yake, na tangu Oktoba 2024 lori zito lisilofika nyota 3 haliingii mjini bila kufungwa vifaa vya ziada vya usalama. Walioumia zaidi ni wa baiskeli na waenda kwa miguu.

Pili, ule mwanya mbele ya lori sio zawadi yako. Lori lililobeba mzigo kamili likiwa kwenye kama kilomita 105 kwa saa linahitaji karibu mita 160 mpaka lisimame, gari dogo ni kama mita 96. Mita 160 ni uwanja wa mpira mmoja na nusu. Dereva anauacha ule mwanya makusudi ndo usalama wake, sasa wewe unaingia pale na unakanyaga breki, umemnyang'anya kitu ambacho hawezi kukipata tena kwa wakati. Anapunguza, anatengeneza mwanya mwingine, anakuja mwingine anaingia. Siku nzima hivo. Hata mimi ningechoka moyo.

Tatu, lori linalokata kona kulia likianza kwa kujivuta kushoto usijipenyeze pale ndani ukidhani limekuachia njia, mkia wa tela unakata kona kwa ndani zaidi kuliko kichwa na utakufuata hapo hapo ulipo.

Zile taa wanazowashiana zina maana gani?

Yapo mambo yanatofautiana nchi na nchi lakini moja nimeliona kila mahali nilipopita. Lori moja likilipita jingine dereva anaelipita hawezi kujua vizuri kama mkia wake umeshaipita pua ya mwenzie, ni mbali mno nyuma na giza limeingia. Basi aliepitwa anamuwashia taa, maana yake umeshamaliza, rudi ndani. Yule akirudi anajibu kwa kuchezesha indiketa kushoto kulia, asante. Sekunde tatu tu. Watu wawili hawajuani, hawataonana, na mmoja amembebea mwenzie jicho. Kama unatafuta utamaduni wa kazi hii uko wapi, mimi naanzia hapo, kabla ya mapambo na honi na hadithi zingine zote.

Kuhusu lori kukuwashia indiketa kwamba "pita njia nyeupe", hapo nakuomba uwe makini, sehemu nyingine indiketa ileile inamaanisha usipite na sehemu nyingine anakata kona tu. Shukuru ila uangalie kwa macho yako.

Na watoto wakivuta mkono hewani wakiomba honi? Wengi wanapiga wakiona ni salama. Dereva mmoja alishawahi kuniambia siku ambayo ameongea na watu watatu tu na wote wamemfokea, mtoto mmoja akivuta mkono pembeni ya barabara inamtosha mpaka jioni.

Wanaendesha saa ngapi kwa siku? Kuna sheria?

Inategemea uko wapi. Umoja wa Ulaya ni saa 9 za kuendesha kwa siku, unaweza kwenda 10 mara mbili tu kwa wiki, kila saa 4 na nusu lazima upumzike dakika 45, na jumla ya wiki haizidi saa 56, ya wiki mbili mfululizo haizidi 90. Takografu, kile kifaa cha ndani ya lori cha kupima muda wa kuendesha, inarekodi kila dakika, huwezi kubishana nayo. Marekani ni saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, na tangu Desemba 2017 madereva wengi wanatakiwa kurekodi kwa kifaa cha elektroniki badala ya daftari. Japani tangu Aprili 2024 muda wa ziada wa dereva umewekewa kikomo cha saa 960 kwa mwaka, nchi nzima ikaanza kujiuliza vifurushi vitafikaje, ndo wengi wakagundua kumbe vilikuwa vinafika kwasababu kuna mtu hapati usingizi.

Na usingizi sio mchezo. Mtu akikaa macho saa 17 mfululizo umakini wake unashuka karibu sawa na mtu mwenye kiwango cha kilevi cha 0.05 kwenye damu, na kuna nchi nyingi hicho kiwango tayari ni kosa. Kwahiyo ukimwambia dereva "jikaze utafika" unamwambia akaendeshe amelewa. Usimwambie hivo. Ukiona amechoka mwambie alale, mzigo utapokelewa.

Wanalala wapi?

Wengi kwenye kabini, nyuma ya viti kuna kitanda chembamba. Wanaweka pazia, picha za watoto, blanketi la nyumbani, viatu vinavuliwa mlangoni, nimeona makabini masafi kuliko sebule za watu. Ulaya tangu 2020 yale mapumziko marefu ya kila wiki ya saa 45 hayaruhusiwi kulaliwa ndani ya kabini, dereva anatakiwa apatiwe malazi ya kueleweka. Sheria nzuri. Shida ni maegesho, sehemu salama za kupaki hazitoshi, kwahiyo saa zake zinaisha anatafuta pa kusimama na kote kumejaa, akipaki pembeni ya barabara anagongewa dirisha usiku aondoke, au anaamka anakuta turubai limechanwa na dizeli imefyonzwa. Ukiona malori yamejipanga mahali unaona kero, jaribu kujiuliza yangeenda wapi.

Kwanini wanalalamika sana kuhusu kusubiri? Si wanapumzika?

Hapana, hawapumziki. Kusubiri kwenye foleni ya kushusha ni kazi, unasogea mita kumi kila baada ya muda, ukisinzia unaitwa huitiki unarudishwa mwisho. Na ile saa 14 ya Marekani niliyoitaja ikishaanza kuhesabu kwa kawaida haisimami eti kwasababu uko foleni, inakatika tu, unaweza kumaliza siku yako ya kazi ukiwa getini kwa mtu. Wengi tena wanalipwa kwa umbali au kwa safari, kwahiyo saa sita za kusubiri ni saa sita za bure.

Hii nimeishuhudia mwenyewe na inaniuma mpaka leo. Mahali fulani nilipofanya kazi zamani alikuja dereva saa kumi na moja alfajiri, miadi yake ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa mbili ikapita. Saa nne nikamwona amesimama kwenye dirisha letu anaomba msala, akaambiwa choo ni cha wafanyakazi. Mzee mtu mzima, amebeba bidhaa zetu usiku kucha, anageuka kimya anarudi kwenye gari. Tulimshusha saa kumi jioni. Wakati namsainia karatasi akaniambia taratibu tu bila hasira, "Mwanangu, mimi nimekesha njiani ili niiwahi saa mbili yenu." Sikuwa na jibu. Nikamwambia pole, na pole yenyewe nikaiona ndogo. Tangu siku hiyo popote ninaposimamia getini ufunguo wa choo unaning'inia kwenye msumari nje ya dirisha, haombwi mtu, na dereva akifika anaambiwa ukweli ni saa ngapi tutamgusa, hata kama ukweli wenyewe ni mbaya, maana akijua ni saa tano zijazo anaweza kulala.

Na kusubiri ndo kulizaa kontena unazoziona bandarini, hii napenda kuisimulia. Malcom McLean alikuwa mwenye malori huko North Carolina, alianza anaendesha mwenyewe miaka ya 1930. Baadae alisimulia kwamba mwaka 1937 alipeleka marobota ya pamba bandarini akakaa siku nzima anaangalia watu wanashusha robota moja moja kutoka kwenye malori kuingiza melini, akajiuliza kwanini wasinyanyue boksi zima la lori. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal X ikatoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Leo dunia nzima inasafirisha bidhaa hivo, na wazo lilitoka kwa mtu wa malori aliechoka kusubiri. Sasa hebu fikiria, makontena yapo, kreni zipo, na dereva bado anasubiri.

Ni kweli wana lugha yao ya redioni?

Marekani ndo ilivuma zaidi. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 mafuta yakawa shida, na mwaka 1974 serikali ikashusha spidi ya barabara kuu nchi nzima kuwa maili 55 kwa saa, kama kilomita 89. Madereva wakaanza kutumia redio za CB, zile redio ndogo za kuongea gari na gari, kuambizana wapi kuna mafuta, wapi askari wamejificha, wapi kuna ajali. Chaneli 19 ikawa ya malori. Kila mtu ana jina la hewani, jina halisi halitajwi, ukikubali kitu unasema 10-4, na askari wa barabarani wakaitwa dubu kutokana na zile kofia zao. Saivi wengi wako kwenye magrupu ya simu, ila kazi ya lile grupu ni ileile, daraja fulani limefungwa, sehemu fulani kuna upepo mkali tela tupu lisipite, fulani amekwama mwenye jeki kubwa aende.

Na yale malori yaliyopambwa?

Pakistan hawana mpinzani. Lori linapelekwa kwa mafundi, linachongewa taji la mbao juu ya kabini, linachorwa maua, tausi, simba, sura za mashujaa, mashairi ya mapenzi na dua huko nyuma, na chini ya bampa wananing'iniza minyororo inayolia chaka chaka lori likitembea. Sio pambo la kitajiri, ni watu wa kipato cha kawaida wanatumia hela nyingi kwasababu gari ndo nyumba yao na ndo jina lao, na mwenye mzigo akiona lori limetunzwa hivo anajua na mzigo wake utatunzwa. India nyuma ya malori kuna maandishi ya kumwomba anaetaka kupita apige honi kwanza, jimbo la Maharashtra likayapiga marufuku mwaka 2015 kupunguza makelele. Japani kuna dekotora zilizovuma tangu miaka ya 1970, lori zima lina taa za rangi na mabati yanang'aa usiku utadhani jumba la sherehe linatembea. Mimi naona wote wanasema kitu kimoja, huyu aliemo humu ni mtu, usimwone chuma tu.

Kuna madereva wanawake?

Wapo na wamekuwepo tangu zamani. Luella Bates aliendesha malori Wisconsin tangu 1918, kipindi wanaume wako vitani, na mwaka 1920 akapata leseni ya udereva wa lori New York, anatajwa kama mwanamke wa kwanza kuipata. Kampuni ya kutengeneza malori aliyoifanyia kazi ilikuwa inamtuma azunguke miji mbalimbali aonyeshe kwamba lori lao linaendesheka. Ila bado ni wachache na sababu naijua maana naiona getini, choo kimoja hakina kitasa, sehemu ya kulala haina mwanga, na wazembe wa kauli hawakosekani. Dereva akishuka ni mwanamke usimuulize "mume wako yuko wapi", mwulize namba ya mlango aliopangiwa.

Si ndo watu wahuni hawa, wanywaji, kila kituo ana mtu wake?

Naomba tuliweke sawa. Kila kazi ina wahuni wake na barabarani wapo. Lakini hawa ninaowajua mimi ni watu wanaopiga simu nyumbani saa moja usiku kusikiliza mtoto anasoma kitabu, wanatuma hela kabla hawajala, wanakosa misiba, wanakosa kuzaliwa kwa watoto wao. Ndoa za humu zinabebwa na anaebaki nyumbani, kila kitu kinamwangukia yeye, bomba likipasuka, mtoto akiumwa, shule wakiita mzazi. Mkitaja mashujaa wa barabara huyo wa nyumbani naye mumtaje. Na ukimkuta dereva karudi amekaa kimya siku ya kwanza mwache, kichwa bado kiko njiani, wake zao watakuambia siku ya pili ndo anafika.

Wamewahi kufanya kitu gani kikubwa kwenye historia?

Kila siku, ila nikutolee mfano mmoja unaosahaulika. Mwaka 1944, kwenye vita kuu ya pili ya dunia, majeshi ya washirika waliopigana na Ujerumani yakasonga mbele Ufaransa haraka kuliko mafuta na risasi zilivyoweza kuwafuata, reli zimebomolewa. Wakaanzisha msafara wa malori ulioitwa Red Ball Express, kuanzia tarehe 25 Agosti mpaka 16 Novemba, kwa kilele magari karibu 6,000 yakipeleka kama tani 12,500 kwa siku, usiku na mchana, usiku taa zimezibwa. Karibu robo tatu ya madereva walikuwa wanajeshi weusi wa Marekani, jeshi lilikuwa bado linawatenga kwa rangi na wengi hawakupewa nafasi ya kupigana, wakapewa usukani. Vifaru vya majenerali waliopata sifa vilikuwa vinakunywa mafuta yaliyoletwa na hao.

Karibu zaidi na siku zetu, Septemba 2021 vituo vya mafuta Uingereza vikakauka. Mafuta yalikuwepo kwenye maghala, madereva wa kuyabeba ndo hawakutosha, na watu wakapanic foleni zikajaa barabara.

Malori yasiyo na dereva yakija itakuwaje?

Yameshaanza kujaribiwa kibiashara, mwaka 2025 Texas kuna malori yalianza kubeba mizigo kati ya Dallas na Houston kwa kujiendesha. Barabara kuu, iliyonyooka, ramani inajulikana. Lakini nani atagonga tairi, nani atafunga turubai upepo ukilichana, nani ataingia kwenye ule mlango wa kiganja kila upande usiku wa mvua? Mimi naona kazi itabadilika na kuna watakaoumia, na hao waandaliwe mapema badala ya kuambiwa siku ya mwisho.

Kuna siku maalum ya kuwashukuru?

Marekani wana wiki nzima kila mwaka mwezi wa Septemba. Ni jambo zuri, makampuni yanagawa kofia na chakula. Ila dereva akipewa kofia Jumatatu na Jumanne akasubirishwa muda wa saa nane getini, kofia haijamwambia kitu.

Basi nimfanyie nini cha maana?

Kama una ghala au duka, panga muda na uutunze. Choo kisafi, maji ya kunywa, kivuli au sehemu ya kukaa, bango linaloonyesha aingilie wapi ili asizunguke mtaa mzima na tela. Kama ni mhasibu lipa kwa wakati. Kama ni dereva wa gari dogo mwachie mwanya wake. Ukimkuta ameharibikiwa, usisimame nyuma yake, kasimame mbali mbele ya gari lake nje ya barabara, mwulize kama ameweka pembetatu za kutosha nyuma huko, na kama ana maji. Maji mara nyingi hana.

Dereva amefika mlangoni kwangu sasa hivi, nianze na neno gani?

Mwambie "pole na safari". Usianze na "umechelewa" hata kama amechelewa, hujui alichokutana nacho. Mwangalie usoni, mwonyeshe choo kilipo kabla hajauliza, chukua karatasi zake, alafu mpe saa kamili utakayoanza kumshusha.